Urefu wa Kulala, Urefu wa Kusimama

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la utumishi tu. Watu wote pale ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa kitengo, walimwita Bi Futikamba, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili alishika ncha ya futikamba katika kitengo cha ramani cha manispaa. Wapimaji walikuja na kwenda, wengine wakapanda vyeo, wengine wakahamia miji mingine, lakini mtu wa kuibana ncha ile kwenye kona ya ukuta na kupaza sauti kutaja namba alibaki yeye yule, na viatu vyake vya mpira na kitambaa chake kichwani.

Alikuwa mfupi, na hilo alilisema mwenyewe kabla mwingine hajalifikiria. "Siku ya kugawiwa vimo," aliwaambia wageni, "mimi nilikuwa nimeinama natafuta kiatu." Wakicheka, alikuwa ameshawapokonya silaha. Isitoshe, ufupi ule ulikuwa mali kazini. Alipita chini ya nyaya za kuanikia nguo bila kuinama, akapenya vichochoro vilivyowashinda wapimaji wenye mabega mapana, na mbwa wengi wa majumbani walimwona kama mwenzao.

Magoti yalipoanza kulalamika, alihamishiwa ndani. Wengi walidhani angekaa kwenye stoo ya ramani za karatasi akingoja kustaafu. Yeye akaomba kufundishwa kompyuta. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na mwezi wa kwanza kipanya kilimtoroka mezani kama panya wa kweli. Aliyemfundisha ni Msomi, mtaalamu wa ramani za kompyuta mwenye shahada mbili na subira ya fundi saa. Msomi alimwita Mama, naye alimwita mwanangu, na wote wawili walielewana kwa sababu hakuna aliyejifanya kujua asichokijua.

Kazi waliyopewa mwaka ule ilikuwa kutafuta ni mita ngapi kwenda juu kila jengo la manispaa lilikuwa nazo. Majengo yalikuwa elfu tisa na mia nne. Kuyapanda moja moja na ngazi kungemaliza maisha ya watu watatu, kwa hiyo walitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Kompyuta ilikuwa na matabaka mawili. Tabaka la kwanza lilikuwa la mapaa, na kila paa liliandikiwa mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Tabaka la pili lilikuwa la nyayo, maana jengo nalo lina unyayo, yaani ile alama ambayo kuta zake zinakanyaga ardhini. Paa likiwa na mwinuko wa mita mia mbili na nane, na ardhi penye unyayo ikiwa mita mia mbili na mbili, unatoa, unabaki na sita. Jengo lina mita sita. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu.

Ugumu ulikuwa kwamba paa na unyayo wake havitoshani. Paa hutokeza nje ya ukuta kama ukingo wa kofia, na mitaa mingine nyumba zimebanana kiasi kwamba kofia ya huyu inamfunika yule. Kompyuta ikaanza kugawa mapaa ovyo. Kibanda cha fundi viatu kikapewa paa la ghorofa la jirani, kikapanda hadi mita kumi na nne. Msomi aliangalia skrini asione kosa, lakini Bi Futikamba aliweka kidole pale pale.

"Hiki kibanda nakijua, mwanangu. Mimi mwenyewe, na kimo changu hiki, niligonga kichwa mlangoni."

Kwa namna hiyo alisafisha mtaa baada ya mtaa. Alichokuwa amekikanyaga kwa miguu, sasa alikikagua kwa macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile mkuu wa kitengo alimwambia kwamba jedwali likikamilika, jina lake litaandikwa juu yake kama mtayarishaji.

Zilibaki sehemu tupu mia sita na kumi na tatu. Haya yalikuwa majengo yaliyofunikwa na miti, ambayo ndege ilipopita juu yake iliona majani, haikuona paa. Wakati huo huo Msomi akaitwa kwenye mafunzo ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka alibandika kikaratasi cha njano kwenye skrini: "Mama, palipo wazi jaza urefu kutoka jedwali la zamani. Usisahau kuhifadhi."

Jedwali la zamani lilikuwa lile lililotokana na madaftari ya wapimaji, enzi za futikamba. Bi Futikamba alifungua, akaona safu iliyoandikwa Urefu, akainakili namba moja baada ya nyingine kwa siku nne, akihakikisha kila namba inakwenda kwenye jengo lake. Hakuruka hata moja. Alihifadhi mara mbili. Kisha jedwali likapelekwa kwenye mfumo wa manispaa, na jina lake likiwa juu yake.

Jumatano moja, wiki ya tatu tangu siku ile, mlango ulibishwa hodi. Aliyeingia ni mwanamke wa umri kama wake, mwembamba, mkono mmoja umeshika karatasi, mwingine umeshika mkoba wenye vumbi la chaki.

"Samahani dada. Nimeambiwa hapa ndipo mnapopima majengo."

"Ndipo. Karibu kiti."

"Sikai. Nikikaa nitalia." Hata hivyo alikaa, na hakulia. "Mimi ni mwalimu wa chekechea ya kule kwenye stoo ya mbao ya zamani. Tunafungua muhula Jumatatu. Nimekwenda kuhuisha leseni, kaunta wamenipa hii."

Bi Futikamba alisoma. Urefu wa jengo: mita 31.40. Jengo la watoto linalozidi mita kumi linatakiwa kuwa na ngazi ya pili ya dharura na kukaguliwa na zimamoto kabla ya leseni kutolewa. Foleni ya ukaguzi: miezi miwili.

"Ngazi ya pili," mwalimu alisema. "Dada, mimi hata ya kwanza sina. Ninayo ile ya kubadilishia balbu tu."

"Hawakuona kwamba ni nyumba ya chini?"

"Nilimwambia yule wa kaunta tuongozane akaone, ni mwendo wa dakika kumi. Akaniambia, 'Mwalimu, mimi na mfumo hatubishani.' Nimerudi mara tatu. Nina watoto arobaini na wawili, na wazazi wao wanaingia kazini Jumatatu asubuhi. Niwaambie nini? Kwamba watoto wanashushwa kutoka ghorofa la kumi?"

Bi Futikamba alitaka kucheka, lakini namba ile ilikuwa imetoka kwenye jedwali lenye jina lake. Alifungua kompyuta. Ilikuwa pale pale: 31.40. Akafikiri labda ni nukta iliyohama, kwamba ilikuwa 3.14. Mkono ukamwasha airekebishe hapo hapo, mwalimu aende zake na furaha. Lakini Msomi alikuwa amemfundisha sheria moja kubwa kuliko zote: usiguse namba bila kujua imetoka wapi.

"Nipe hadi kesho saa nane," alimwambia mwalimu.

"Kesho ni Alhamisi. Ijumaa kaunta inafungwa saa sita."

"Najua, dada yangu."

Msomi alikuwa na kazi nje ya ofisi siku hiyo, kwa hiyo mchana kutwa alipekua peke yake majengo mengine yaliyojazwa kutoka jedwali la zamani. Si suala la nukta. Duka la mkaa lilikuwa na mita kumi na mbili, na bweni la wauguzi arobaini. Yote yalikuwa majengo ya chini, na yote namba zake zilinakiliwa sawasawa. Alihisi kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

Alifika nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mama yake, mzee wa miaka sabini na sita aliyekuwa fundi cherehani maisha yake yote, alikuwa dirishani akibadilisha zipu ya sketi ya jirani. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, ila ulimi haukupungua kitu.

"Umerudi na uso wa fundi aliyekata kitambaa cha harusi vibaya," mama alisema. "Umekata cha nani?"

Bi Futikamba alivua viatu, akakaa kwenye kigoda. "Mama, jengo lenye urefu wa mita thelathini na moja linawezaje kuwa fupi kuliko mwembe wa jirani?"

"Imelala au imesimama?"

"Nini?"

"Hiyo mita thelathini na moja yako." Mama hakuinua macho kutoka kwenye zipu. "Kitambaa kikiwa mezani kina urefu. Mtu akisimama mbele yangu, huyo ana kimo. Fundi anayeandika 'urefu' kwenye daftari bila kusema urefu wa nini, kesho yake humshonea mteja suruali ya jirani. Mara ngapi nimekwambia?"

Bi Futikamba alikuwa amerudi miaka ishirini nyuma, siku ya mvua, nje ya stoo ya mbao. Matope yalimfika vifundoni. Alikuwa ameibana ncha ya futikamba kwenye kona ya mwisho ya ukuta ule mrefu usiokwisha, akampazia sauti mpimaji aliyejikinga chini ya mti: "Thelathini na moja nukta nne!" Mpimaji akaandika daftarini. Kisha wakazunguka upande wa pili, akapaza tena: "Nane nukta mbili!" Urefu na upana. Namba iliyoifunga chekechea ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Wewe," mama alisema, "mbona umenyamaza kama umemeza pini?"

"Nimelisimamisha, mama. Jengo limelala miaka yote, mimi nimelisimamisha."

"Basi kalilaze," mama alisema, akakata uzi kwa meno.

Alhamisi alitangulia kufika ofisini kabla ya mfagizi. Alifungua jedwali la zamani na safari hii akasoma safu zote tatu kwenye mstari wa stoo ya mbao. Urefu, 31.40. Upana, 8.20. Sakafu, moja. Majengo mia sita na kumi na matatu alikuwa ameyasimamisha wima kama magodoro yanayoegemezwa ukutani siku ya usafi. Kumi na tisa kati yake yalikuwa ya watoto, wagonjwa au wakaazi wa mabweni, na yote yalikuwa mekundu kwenye mfumo, rangi ya kuzuia leseni.

Msomi aliingia saa mbili, akamkuta amekaa mikono imekunjwa. Alimweleza. Msomi alimsikiliza bila kuweka begi chini.

"Mama, mimi nilipoandika urefu nilimaanisha kwenda juu. Shuleni tulifundishwa hivyo. Urefu wa mlima, urefu wa mnara."

"Na sisi wa futikamba urefu ulikuwa wa ukuta. Urefu wa uzio, urefu wa barabara."

"Nilidhani urefu ni urefu."

"Hata mimi. Ubaya wenyewe ni kwamba wote wawili tulikuwa sahihi."

Msomi aliweka begi chini. "Kosa ni langu. Kikaratasi nimeandika mimi."

"Kikaratasi hakina jina juu ya jedwali, mwanangu. Mimi ninalo."

Palikuwa na njia rahisi. Angeweza kuifuta namba moja tu, ile ya chekechea, akaandika nyingine, na hakuna ambaye angejua. Alipokuwa mshika futikamba, kosa lilikuwa la mpimaji siku zote, yeye alitaja namba tu. Sasa jina lilikuwa lake, na lilikuwa limekaa juu ya jedwali kwa wiki tatu tu. Aliliangalia kwa muda. Halafu akakumbuka kwamba mficha uchi hazai, akasimama, akavuta sketi yake, akaenda kubisha kwa mkuu wa kitengo.

Mkuu alikuwa akifuta miwani yake, jambo alilolifanya kila alipokuwa na hofu ya mkutano. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Bi Futikamba, kesho asubuhi jedwali hili naliweka mbele ya madiwani."

"Ndiyo maana nimekuja leo, mkuu."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mama yangu."

Mkuu alitaka kukunja uso, ukamkatalia. Alivaa miwani, akaivua tena. "Ni mangapi?"

"Mia sita na kumi na matatu yamejazwa vibaya. Yaliyobaki, zaidi ya elfu nane na mia saba, nayatolea kichwa changu."

"Kichwa kibaki palipo, kina kazi. Mnahitaji muda gani?"

Msomi, aliyekuwa amemfuata kimyakimya, alijibu kutoka mlangoni. Jedwali lingeondolewa kwenye mfumo saa ile ile. Zile namba zote zingefutwa, na badala yake wangetumia safu ya sakafu: kila sakafu mita tatu, na moja zaidi kwa ajili ya paa. Kila namba ya namna hiyo ingeandikwa kuwa ni makadirio, mtu asije akaiamini kupita kiasi. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Majengo kumi na tisa mekundu yangepimwa kwa mkono, moja moja.

"Mtaanzia wapi?" mkuu aliuliza.

"Kwenye stoo ya mbao," Bi Futikamba alisema. "Nimeahidi saa nane."

Alitoa viatu vya mpira chini ya meza, alikoviweka tangu alipohamishiwa ndani. Msomi alibeba kifaa chake kipya kinachopima kwa mwanga, kidogo kama simu. Walifika saa saba na nusu. Miti miwili mikubwa ilikuwa imeliinamia lile jengo pande zote, ndiyo iliyolificha ndege isilione. Kila Msomi alipoelekeza kifaa kwenye kilele cha paa, mwanga uligonga tawi, kikampa mita mbili, kikampa saba, kikampa mita moja na nusu.

"Shahada mbili," Bi Futikamba alisema, "na jani moja linakushinda."

"Sawa Mama, nicheke vizuri. Futikamba uliyo nayo ina urefu gani?"

"Wa kulala au wa kusimama?"

Mwalimu wa chekechea alileta ngazi yake ya balbu na mpini mrefu wa ufagio wa kuondolea utando. Walifunga ncha ya futikamba kwenye mpini ule, Msomi akapanda ngazi, akaifikisha kwenye kilele cha paa. Bi Futikamba alipiga goti chini, goti likalia, akaibana futikamba kwenye ardhi. Alisoma mara mbili ili awe na hakika.

"Tatu nukta tisa," alipaza sauti, kama zamani.

Mwalimu aliyekuwa amesimama kando alirudia kwa sauti ndogo. "Tatu nukta tisa." Kisha akaingia ndani haraka, wakamsikia akipangapanga viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Mkuu aliandika barua ya marekebisho jioni ile ile, jedwali lililosahihishwa likarudishwa kwenye mfumo, na Ijumaa saa tatu asubuhi Bi Futikamba aliongozana na mwalimu hadi kaunta. Kijana wa kaunta aliandika namba ya jengo, akatazama skrini, akamtazama mwalimu.

"Imekuwa kijani."

"Ilikuwa kijani siku zote," Bi Futikamba alisema. "Sisi ndio tulioipaka rangi."

Leseni ilitoka saa nne na robo.

Habari za mkutano wa madiwani alizipata kwa karani. Mkuu alikuwa ametaja makadirio yote na kosa lenyewe, akieleza neno moja lilivyobeba mizigo miwili. Diwani mmoja akauliza aliyeligundua ni mtaalamu gani. Mkuu akajibu kwamba ni mtayarishaji wa jedwali, na kwamba alipata ushauri wa fundi cherehani. Madiwani walidhani anatania. Wakalipitisha jedwali, kwa sharti kwamba majengo kumi na tisa yamalizwe kupimwa mwezi huo. Na tangu siku ile, katika majedwali ya kitengo kile hakuna tena safu inayoitwa Urefu peke yake. Kuna Kimo cha Jengo, kuna Urefu wa Ukuta, kuna Mwinuko wa Ardhi. Msomi ndiye aliyeyaandika majina hayo, na chini yake akabandika kikaratasi cha njano: "Kama hujui, muulize Mama."

Jumatatu asubuhi Bi Futikamba alipita njia ya stoo ya mbao, ingawa haikuwa njia yake. Mwalimu alikuwa mlangoni, penseli sikioni. Watoto walikuwa wamejipanga, na kila mmoja alisimama kwenye mwimo wa mlango akachorewa mstari juu ya kichwa, maana ndivyo muhula ulivyofunguliwa pale.

"Na bibi huyu naye apimwe," alisema mmoja mwenye sweta kubwa kuliko yeye. "Karibu analingana na sisi."

Mwalimu alitaka kumkemea, lakini Bi Futikamba alikuwa ameshaegemeza mgongo kwenye mwimo, visigino pamoja, kidevu juu. Alisikia penseli ikipita juu ya kitambaa chake.

"Mita moja na sentimita arobaini na nane," mwalimu alisoma. "Niandike urefu wa nani?"

"Andika kimo," alisema. "Urefu tumewaachia kuta."

Kisha akaaga, akashika njia ya bweni la wauguzi. Viatu vya mpira vilikuwa miguuni na futikamba mkobani, na majengo kumi na nane bado yalikuwa yanamngoja.